Wimbo wa Tatu Ulikuwa Mtupu

3 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu nikianza na lawama utasema ugenini kumeniondolea adabu. Mimi mzima, mafua tu ndiyo yananipenda. Mkaza mjomba hajambo? Goti la mama limepungua uvimbe, au bado anapanda ngazi kwa ubishi? Mwambie sweta nimelipata na limenikaa, ila mikono yake imeshonewa mtu mwenye mikono mirefu kuliko yangu.

Mwezi uliopita nilikupigia simu mara sita. Mara mbili ulipokea, ukasema "haloo, haloo, mtandao mbovu," ukakata, na mimi huku nakusikia kama uko chumba cha pili. Sawa, umeshinda. Ulisema barua ndiyo mawasiliano ya watu wazima, basi hii hapa, na ndani yake kuna kadi ya memori. Usiitupe pamoja na bahasha.

Bado nipo kwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa. Asubuhi natandika vitanda kumi na vinne, mchana nafua na kupiga pasi mashuka, nikimaliza najifungia kwenye chumba hicho hicho cha pasi na kompyuta yangu. Msimu wote wa baridi uliopita nilikuwa natembea juu ya ziwa lililoganda, soksi tatu kila mguu, na kinasa sauti begani. Nilitoboa tundu kwenye barafu nikashusha maikrofoni. Barafu haikai kimya, mjomba. Inanguruma, inapasuka, inajinyoosha kama mtu aliyelala vibaya. Nikazichukua sauti hizo nikazivuta zikawa ndefu, nikazipanga pamoja na sauti za kompyuta. Hakuna ngoma, hakuna mwimbaji, wala si muziki wa kucheza. Nataka mtu afumbe macho aone uwanda mweupe usio na mti hata mmoja, na baridi imwingie akiwa kitandani kwake.

Nyimbo ni nne. Kuna kampuni ndogo imekubali kuzitoa, ila nikabidhi kabla Februari haijaisha. Sina raha kabisa. Leo naongeza kitu, kesho nakitoa, usingizi wenyewe wa kuibia. Nakutumia wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza. Nilikuwa na miaka minane uliponikalisha kwenye chumba cha mashine za baridi kazini kwako, ukanifunga macho kwa leso, ukaniuliza ipi kati ya zile mashine tatu inataka mafuta. Niambie ukweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mpwa wako

*

2 Novemba

Mpwa wangu, Bi Barafu,

Marahaba, na nyingine nakuwekea akiba. Hapa wote wazima. Goti la dada yangu limepoa, ubishi ndio haujapoa. Mkaza mjomba wako ameipaka sebule rangi ya kijani bila kuniuliza. Nilirudi kutoka kazini nikadhani nimekosea nyumba. Paka amezaa ndani ya kiatu changu cha kazi, watoto watano, na nimekatazwa kuwahamisha. Nimenunua viatu vingine.

Kadi niliichomeka kwenye redio Jumapili, mkaza mjomba wako akiwa sokoni, nikavuta kiti. Wimbo wa kwanza nilisubiri uanze mpaka ukaisha. Nikaurudia. Mara ya tatu ndipo nilipouelewa. Una mngurumo chini kama mashine namba mbili siku ikiamka vizuri, na nilishtukia nimekunja mikono kifuani kama niko chumba cha baridi. Wa pili nao umesimama. Wa nne ni mzito mpaka jirani akaja kuuliza nani anaburuta kabati. Mimi si mtu wa kulia, lakini huo wa nne nilitoka nje kidogo.

Wa tatu ulisahau kuujaza. Dakika saba kimya kitupu. Usiwapelekee wale watu hivyo, watakuona mvivu.

Kazini hakujatulia. Unamkumbuka Bi Mizani, yule mpima mizigo wa ghala? Mwezi Septemba aliingia chumba cha baridi kuhesabu maboksi ya siagi, mlango ukajifunga, kitasa cha ndani kikawa kimeganda. Alikaa humo dakika arobaini mpaka wapakiaji walipofungua kwa shughuli zao. Ncha za vidole vyake viwili zimekatwa. Pole yangu anayo, nilimpelekea hospitali matunda. Lakini akasema alibonyeza kengele ya dharura tangu dakika ya kwanza, na kengele hiyo, kama unavyojua, inalia mahali pamoja tu, chumba cha mashine, juu ya kichwa changu. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, niko macho. Haikulia. Fundi umeme aliipima kesho yake, nzima. Kikao kikaniuliza nikasema nilichokijua: haikulia. Wakamwachisha kazi kwa kutofuata utaratibu na kusema uongo. Watu wa ghala wananitazama kwa jicho la pembeni, kana kwamba mimi ndiye niliyemfungia. Njia ya mwongo ni fupi, mpwa wangu. Miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye kile kiti, na hakuna mashine iliyokohoa nisijue.

Jaza wimbo wako wa tatu unitumie.

Mjomba wako

*

26 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za goti, za rangi ya kijani, na hasa za paka. Mwambie mkaza mjomba nipo upande wake kwenye yote mawili.

Barua yako nimeisoma mara nne nikiwa nimesimama. Bi Mizani nilikuwa nampenda. Nilipokuwa mtoto alikuwa ananipandisha kwenye mizani ya nyama na kunitangazia kwamba nimezidi kilo mbili za utundu. Sijui nikuulizeje ninachotaka kukuuliza, kwa hiyo nitauliza kingine kwanza.

Wimbo wa tatu si mtupu. Ndio uliojaa kuliko yote. Barafu inapoanza kuvunjika ukingoni inakuwa vipande vyembamba kama vioo vya saa, na upepo ukivisukuma vinagongana. Ni sauti nyembamba sana, maelfu, na nimezipanga mpaka zikawa kama mvua. Kadi niliipima kabla ya kuifunga, na baada ya barua yako nikaipima nakala yangu tena. Msimamizi wa nyumba hii, mzee kuliko wewe, ameusikia akiwa jikoni na mlango umefungwa.

Naomba kitu kidogo tu. Mwite mkaza mjomba, mkae wote wawili, uweke wimbo wa tatu. Usimwambie chochote. Kisha mwulize amesikia nini, na uniandikie alichosema.

Huku ziwa limeanza kuganda tena. Nilitakiwa niwe nje na kinasa sauti, lakini tangu jana natandika kitanda, natoka, narudi kukitandika tena. Niandikie upesi.

Mpwa wako

*

20 Desemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Wazima wote. Watoto wa paka wamefumbua macho. Dada yangu anakusalimu, anasema mikono ya sweta ikunje, wewe si wa kwanza kukunja. Paa la stoo linavuja na fundi amekuja kulitazama mara mbili. Kutazama ndiko anakokujua.

Mashine namba tatu tumeibadilisha mkanda. Mvua zimekuwa nyingi. Kazi ni ile ile, naingia asubuhi natoka jioni, na siku hizi natembea tembea sana, daktari alishasema kukaa muda mrefu si kuzuri kwa mgongo.

Mkaza mjomba wako anasema wa tatu ndio mzuri kuliko yote.

Mambo ya kazini niachie mimi. Wewe shughulika na muziki wako, Februari haiko mbali.

Mjomba wako

*

14 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumba, nisamehe. Na zako nimezisoma lakini sikuziona.

Umeniandikia mstari mmoja kuhusu wimbo wa tatu, ukaukatia hapo. Hukuniambia wewe umesikia nini. Basi nitasema mimi, maana mmoja wetu lazima aseme. Masikio yako yameacha kusikia sauti nyembamba. Miaka ishirini na miwili katikati ya kompresa tatu, yangekuwa masikio ya chuma yangeacha. Ndiyo sababu simu zote ni mtandao mbovu. Ndiyo sababu tunaandikiana barua kama watu wa zamani, na mimi mjinga nikadhani ni mapenzi ya kalamu.

Na kengele ya chumba cha baridi ni sauti nyembamba. Naikumbuka. Ulinionyesha mwenyewe, ukanibonyezesha, ikalia nikaziba masikio, na ukaniambia: "Ukifungiwa humu, bonyeza hapa, na mtu aliyekaa pale atakuja." Mtu aliyekaa pale ni wewe, mjomba. Bi Mizani alibonyeza. Alibonyeza kwa vidole alivyokatwa, na wewe ulikuwa umekaa chini ya kengele.

Sisemi ulidanganya. Ulipokwenda kwenye kikao ulisema ulichokijua. Lakini sasa unajua kingine, na umekijua tangu Desemba, na kila asubuhi unakwenda kukalia kile kiti. Napiga pasi hapa nikitazama saa na kujiuliza nani yuko ndani sasa hivi. Nilimwandikia meneja wako barua, kurasa mbili. Nikaichana. Ulinilea, ulinivalisha, ulinifundisha kila kitu ninachokijua kuhusu sauti, na sitaki kuwa mtu aliyekusemea. Nataka useme mwenyewe. Lakini sitaichana ya pili.

Najua ni nini nakuomba. Najua kile kiti ni nini kwako. Ninakupenda na nimekasirika, vyote viwili, kwa hiyo usicheke mwandiko.

Mpwa wako

*

20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Siku thelathini na saba bila jibu lako.

Kampuni inataka nyimbo nne wiki ijayo. Nimewaambia ni tatu, au zisubiri. Siwezi kuukabidhi ule wa tatu mpaka nijue umeamua nini. Barua ya pili kwa meneja iko mezani, bahasha imeshabandikwa stempu. Naipeleka posta tarehe mosi Machi.

Mpwa wako

*

21 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ya Januari ilinifikia tarehe tatu ya mwezi huu, na nimekawia kuijibu kwa sababu nilitaka nikuandikie jambo lililokwisha kufanyika. Ahadi unazijua, mimi ni bingwa wa ahadi.

Nianze na ulichokisema. Ni kweli. Ile Jumapili ya Desemba mkaza mjomba wako alikaa kwenye kiti cha kusukia, nikaweka wimbo wa tatu. Mimi nikaangalia redio, nikaona taa yake inawaka na namba zinakwenda. Yeye akafumba macho. Baadaye akaniambia ni kama mtu anaosha glasi nyumba ya mbali, glasi nyingi sana, na hataki zikauke. Kisha akanishika goti akasema, "Wewe husikii, siyo?" Alikuwa anajua muda mrefu. Alikuwa anajua tangu birika la chai lilipopiga mluzi jikoni nami nikabaki nimekaa. Miaka miwili amekuwa akinijia mbele ya uso kabla ya kuniongelesha, na mimi nikidhani ni mahaba ya uzeeni.

Basi nilijua. Na nilikwenda kazini kesho yake, nikaketi. Sitajipamba hapo. Nilijiambia nitakuwa mwangalifu. Kila dakika kumi nilikuwa natoka chumba cha mashine naenda kuchungulia chumba cha baridi kwenye kile kidirisha, narudi, dakika kumi, natoka tena. Viatu vipya vimeisha kisigino. Siku moja nilikuta mpakiaji yumo ndani anahesabu maboksi kwa amani yake, mlango wazi, nikamtoa kwa kelele mpaka akaniuliza kama nimeota. Nikilala naota nabonyeza mimi. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilikuwa nasubiri kilio hicho kiwe cha nani.

Barua yako iliponifikia nilikasirika siku mbili. Nilisema huyu mtoto nimemfuta kamasi, leo ananifundisha. Siku ya tatu nilimwita mtunza stoo, nikamwambia aingie chumba cha baridi, mlango auache wazi, abonyeze kengele anapotaka, mara ngapi anapotaka, na mimi nikae kwenye kiti na karatasi niandike kila nikisikia. Nilifumba macho. Mashine zote tatu nilizisikia kama kawaida, hata namba moja inayotaka kubadilishwa beringi. Nikangoja sana. Mwishoni nikahisi mkono begani. Mtunza stoo alikuwa amesimama mbele yangu na koti la baridi, akaniambia, "Mzee, nimebonyeza mara nane." Akatazama karatasi yangu. Ni mtu mzuri, aliikunja akanirudishia.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa meneja. Nilimwambia yote, na karatasi tupu nikamwekea mezani. Hakufurahi. Yeye alikuwa ameshafunga faili, na kitasa kilichoganda kilikuwa kimefungwa nalo. Aliniambia nifikirie vizuri, nimebakiza muda mfupi kustaafu, kwa nini nifukue kaburi. Nikamwambia aliyefukiwa yuko hai. Nikaandika maelezo mapya, nikasaini, nakala nikapeleka kwa watu wa usalama kazini ili asipate pa kuyaweka. Kengele sasa imeunganishwa na taa nyekundu kubwa na honi inayosikika mpaka getini. Bi Mizani ameandikiwa barua arudi. Mimi nimetolewa kwenye mashine. Nipo ofisi ya mbele, nagonga mihuri. Chumba ni kimya, na kwangu ni kimya zaidi.

Lakini barua ya kazini si neno la mtu. Siku kumi zilizopita nilikwenda kwa Bi Mizani mwenyewe. Nilisimama mlangoni nikashindwa hata kuomba kuingia. Nikasema pale pale: "Ulibonyeza. Kengele ililia. Mimi ndiye sikusikia." Alinitazama, kisha akageuka akaita watu wa nyumba yake. Alikuja mumewe, akaja mama mkwe, wakaja na watoto wake wakubwa wawili. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie kwa sauti. Nikarudia kwa sauti, mpaka majirani wakatoka. Mumewe aliinamisha kichwa. Nimekuja kujua kwamba yeye mwenyewe alikuwa akimwambia, "Labda ulidhani tu umebonyeza, baridi inachanganya akili." Mama yule ameishi miezi mitano na watu wanaompenda na hakuna aliyemwamini, na mimi mwenye kumfanyia hivyo nilikuwa nimempelekea matunda.

Sikukaribishwa ndani na sikustahili. Nilipogeuka kuondoka nikaona amenyoosha ule mkono wenye vidole vifupi, akanigusa kiwiko, akasema kitu. Alisema kwa sauti ndogo. Niliona midomo ikienda, maneno kama matano au sita, na sikupata hata moja. Nilimwomba arudie. Alitikisa kichwa, akaingia, akafunga mlango taratibu. Nikamtazama mumewe naye akatazama chini.

Mkaza mjomba wako aliniuliza alisema nini. Nimemwambia alinisamehe, na amelala vizuri tangu siku hiyo. Wewe sitakudanganya. Sijui alisema nini.

Mjomba wako